Kusamehewa Hewani

Kusamehewa kosa lako ni neema. Kusamehewa kosa la mwenzio, tena kwa gitaa, tena mji mzima umetega sikio, hayo jamani ni matusi.

Mtangazaji alikuwa akiyameza matusi hayo tangu Jumatatu, siku mdogo wake alipotoa albamu. Kitinda, ndivyo walivyomwita nyumbani kwa kuwa ndiye kitindamimba, alirekodi nyimbo zote saba jikoni kwake, blanketi zimetundikwa ukutani kuua mwangwi, gitaa moja tu, bila ngoma wala kinanda. Wazee wa kwaya walisema hiyo si injili, ni manung'uniko. Vijana wakazipenda kufa. Na waliopenda zaidi waliupenda wimbo wa tatu, "Mlango wa Dada," ambamo msichana mjamzito anafukuzwa kwao mvua ikinyesha, anafukuzwa na dada yake wa damu, na baada ya miaka saba anamsamehe kwa jina la Yesu.

Wimbo wenyewe mzuri. Hilo ndilo lililomchoma mtangazaji kuliko yote. Ungekuwa mbovu angecheka yakaisha.

Kanisani akina mama walimshika mkono mmoja baada ya mwingine. "Umesamehewa, mwenzetu, shukuru." Shukuru! Dukani muuza mikate alimtazama kama mwizi aliyeachiwa jana. Hata mumewe, kwa sauti ya mtu anayepima kina cha maji, alimwuliza, "Kwani siku ile ilikuwaje?"

Siku ile ilikuwa hivi. Aliyefunga mlango ni mama yao. Mama, mlezi wa kwaya, aliyeogopa macho ya waumini kuliko machozi ya mwanawe. Alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, akamnong'oneza binti yake mkubwa: "Mwambie aende kwa shangazi yake. Mwambie asirudi. Sema wewe, mimi nitalia." Na yule mkubwa, mjinga wa watu, akasema. Kitinda kule nje akasikia sauti moja tu. Baadaye mkubwa alinunua nguo za mtoto, akazipeleka kwa shangazi, na shangazi akaambiwa aseme zimetoka kwa Mama. "Nisitiri, mwanangu," Mama aliomba. "Nitamwambia mwenyewe." Nitamwambia kesho, nitamwambia Pasaka, nitamwambia akija, mpaka wimbo ukatoka.

Basi ikafika Jumamosi saa kumi jioni, saa ya kipindi chake, "Mpya za Pembeni," nyimbo mpya za Kikristo ambazo redio kubwa hazizigusi hata kwa fimbo. Wasikilizaji sitini walikuwa wametuma ujumbe wakitaka wimbo huo huo. Angekataa kuupiga, wangesema dhamiri inamsuta. Akaona isiwe taabu, akamwalika mwimbaji mwenyewe.

Alianza na zaburi ya vijana watatu wanaoimba bila ala, akafuatia na mfagiaji wa hospitali anayefokafoka sala zake juu ya mdundo. Kisha Kitinda akaingia na gitaa lake, akaketi ng'ambo ya meza, uso umelainika kwa utakatifu.

"Dada," alisema kabla taa nyekundu ya kuwa hewani haijawaka, "sina kinyongo nawe hata chembe."

"Najua. Nimesikia kama wengine."

Wimbo ukapigwa wote, dakika nne. Fundi mitambo nyuma ya kioo alijifanya anatafuta waya sakafuni. Mtangazaji alikuwa na karatasi mbele yake, ameandika kila kitu, na Mama yumo. Akiisoma, amemvua nguo mzazi wake mbele ya watu. Asipoisoma, atazikwa na jina la mtu aliyemfukuza mdogo wake. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, lakini mkono ukaigeuza ile karatasi kifudifudi. Mama ni mama, alijiambia. Wacha yapite.

"Wimbo huu umetoka wapi?" aliuliza, swali analomwuliza kila mgeni.

"Kwenye kidonda," Kitinda alijibu. "Ila nilijifunza kwamba dada yangu hakujua alitendalo."

Mtangazaji aliuma meno, akapokea simu ya kwanza. "Karibu, uko hewani."

"Bwana asifiwe," ilisema sauti, na wote wawili wakainua vichwa. "Ni mimi mama yenu. Nampongeza kitinda wangu. Kusamehe si kazi ndogo. Mungu akubariki, mwanangu, kwa kumsamehe dada yako. Nasi sote tumemsamehe."

Nasi sote! Loo! Huruma yote aliyokuwa ameikusanya kwa ajili ya mwanamke yule ikamtoka palepale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, siku ile, mkono uliokuwa kwenye komeo ulikuwa wa nani?"

Kimya. Redioni kimya ni moto. Fundi mitambo alirusha mikono yote miwili kama anayesimamisha gari. Kwenye simu zilisikika pumzi, na nyuma ya pumzi redio ya Mama mwenyewe, ikichelewa kidogo, ikamrudishia swali lilelile sebuleni kwake.

"Mtangazaji," Mama alisema hatimaye, "tuwekee wimbo unaofuata."

Mtangazaji! Mtoto aliyemzaa kwa uchungu wake mwenyewe.

"Wimbo upo, Mama. Tunakusubiri wewe."

"Ulikuwa wangu," Mama alisema, na simu ikakatika.

Kitinda alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ule utakatifu ulikuwa umemtoka usoni, amebaki msichana tu. "Lakini nilikusikia, Dada. Sauti ilikuwa yako."

"Sauti ilikuwa yangu. Ungenisamehe hiyo, ningepokea kwa magoti."

"Sasa mbona hukuniambia? Miaka saba yote!"

Taa nyekundu bado inawaka. Mtangazaji alikuwa ametegemea kwamba ukweli ukishatoka hasira itashuka. Haikushuka. Alimtazama mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumbeba mgongoni, aliyekuwa na namba yake ya simu, na anwani yake, na mdomo.

"Hukuniuliza, mdogo wangu," alisema. "Uliimba."