Masikio ya Baba Mkwe

Mwaka 1974, katika sekondari moja ya Iringa, hakuna mtu aliyeyaamini masomo ya Mwalimu Sedekia kuliko Sedekia mwenyewe. Alifundisha baiolojia, na mada aliyoipenda kupita zote ilikuwa urithi.

"Posta inaweza kupoteza barua," aliwaambia kidato cha nne, "lakini damu haipotezi. Ujumbe wa mzazi humfikia mtoto kama ulivyoandikwa."

Kisha akawapanga mstari na kuwakagua ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio: nani yake inaning'inia, nani yake imegandana na shavu.

Jumamosi hiyo, akimbembeleza binti yake Juliana wa miezi minne nyumbani kwao Kihesa, akaziona ndewe za mtoto. Zimegandana. Akamtazama mkewe, Ikupa, aliyekuwa akichambua maharage. Zake zinaning'inia, tena na hereni juu yake. Zake mwenyewe hakuwa na shaka nazo. Akili ikamkimbia moja kwa moja hadi Mafinga, kwa Liberatus, seremala aliyetengeneza kitanda cha mtoto, ambaye masikio yake yalikuwa kama yamepigwa gundi.

Mtu wa sayansi hapayuki, hukusanya ushahidi. Huenda sifa ile ilitoka kwa baba mkwe, Mzee Asukile, kule Mbeya. Jumatatu akaenda posta kumpigia telegramu shemeji yake aliyeishi na mzee huyo. Aliandika sentensi ndefu ya adabu, akaiona inapwaya, akaanza kupunguza. Akafuta "shikamoo kwa wazee". Akafuta "tafadhali". Akafuta "maelezo ya". Akatoka posta akijisifu kwa ufupi wake.

Siku ya nne hodi ikapigwa. Mzee Asukile alisimama mlangoni na koti lake la kanisani, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeyaleta."

"Umeleta nini, baba?"

Mzee akatoa karatasi mfukoni, akasoma polepole: "Nitumie haraka masikio ya baba. Sedekia." Akaikunja. "Ilisomwa mbele ya watu, mwalimu. Wengine wakasema umerukwa na akili. Mama yako mkwe analia mpaka sasa. Mimi nikasema, huyu amesoma, atakuwa na sababu. Ila siwezi kuyatuma peke yake. Basi nimekuja nayo."

Ikupa alicheka mpaka akashika ukuta. Sedekia akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo kicheko cha mkewe kilivyopungua.

"Kwa hiyo ulikuwa unanishuku?"

Mtu aliyeweza kuzungumza dakika arobaini juu ya bawa la nzi akageuka kumpangusa Mzee vumbi la koti.

"Lete kioo," Mzee akamwambia binti yake. Akamsogeza mkwewe dirishani. "Haya, jitazame."

Ndewe za Sedekia zilikuwa zimegandana, zote mbili. Miaka sita alikagua masikio ya watoto wa watu, na kila asubuhi alinyoa ndevu akiangalia kidevu tu.

"Mimi niliyaona siku ulipokuja kuposa," alisema Mzee. "Na mama yake Ikupa anayo hayo hayo, chini ya kitambaa chake cha kichwani."

Ikupa hakumsemesha siku mbili. Ya tatu Sedekia akapika ugali, akauunguza, akakaa mbele ya mkewe akakiri yote, hata habari ya seremala.

"Liberatus?" Ikupa akashangaa. "Baba Juliana, mimi huyo mtu sijawahi kumwona. Kitanda ulikifuata wewe mwenyewe, ukarudi nacho juu ya lori la mbao."

Ilikuwa kweli. Sedekia akainamisha kichwa, akaomba msamaha mara ya pili, na safari hii Ikupa alimpakulia ugali ule ulioungua, sehemu nyeusi zaidi.

Mzee alipojiandaa kurudi Mbeya, mkwewe alimkabidhi barua ya kurasa nne ya kuueleza ukoo kisa chote. Mzee akaipima mkononi, akavuta kiti, akaifungua. Hakukubali kuibeba mpaka alipoisoma yote pale pale, kidole kikifuata mstari kwa mstari, kutafuta neno lililofutwa.