Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ndivyo alivyolelewa Mlingoti, na mtoto huamini alicholelewa nacho. Mama yake alikuwa dobi wa nyumba mbili za wageni, na kila jioni, mashuka yakishakauka, walisimama uso kwa uso katika chumba cha pasi, kila mmoja na pembe zake mbili. Walivuta mpaka kitambaa kikalia pa! Wakakunja, wakaendeana, vidole vikagusana, mama akapokea pembe zote, binti akaudaka mkunjo wa chini kabla haujafika sakafuni. Na ole wake ufike! Kilichogusa chini kilirudi kwenye beseni, hata kama sakafu imesuguliwa ikang'aa. Katika hilo mama hakuwa na mjadala.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alikuwa akisema, huku akifungua shuka jingine. "Haya, nieleze. Leo shuleni kumezuka nini?"

Mlingoti alieleza nusunusu. Mwili ulikuwa chumbani, roho iko uani.

Jina lenyewe lilikuwa utani wa darasani. Alirefuka likizo moja tu, akarudi shule sketi imeshamkimbia miguu. Lakini uani urefu ule haukuwa kichekesho. Asubuhi, mama akiwa bado anawasha moto wa maji ya kufulia mengine, mashuka ya kwanza yalikuwa tayari kambani, yakivimba kwa upepo na kushuka taratibu, yakipumua, na mwanga nyuma yake ulikuwa mweupe kama maziwa. Kamba ile ndiyo ilikuwa wavu wake. Aliurusha mpira, mpira alioufua kwa sabuni usije ukamtia matatani, akaupiga ukavuka, ukapotea. Kisha alisimama akisikiliza. Huko asikokuona kulikuwa na uwanja mzima: watu, filimbi, na sauti zikimwita polepole kana kwamba zinatoka chini ya maji. Wakati mwingine alisahau kwenda kuuchukua mpira. Nani wa kumlaumu? Ndoto haina kiingilio.

Kisha mwalimu wa michezo akatangaza mchujo wa timu ya mpira wa wavu, na ndoto ikapata siku yake.

"Atakayepita ajue anaingia wapi," mwalimu alisema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu watatu. "Mazoezi kila jioni mpaka msimu uishe. Jumamosi mechi. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi mtu wa kuponyoka simtaki. Kila mmoja aje na mkubwa wake, anikubalie kwa kinywa chake."

Kila jioni! Mlingoti aliyafikiria mashuka. Jioni ilikuwa na mwenyewe. Alipiga moyo konde akaendelea kujiandaa: aliruka kamba mpaka nyama za miguu zikawaka, akapiga mpira ukutani mpaka mikono ikawa myekundu. Lakini kila alipoufurahia mpira, aliona vitanda vya wageni vitupu, na mama katikati ya chumba cha pasi ameshika pembe mbili, zile nyingine zikining'inia. Alijiona mwizi.

Alimwambia mama wakiwa katikati ya shuka. Alisema harakaharaka, akitazama pindo.

Mama alimalizia mkunjo. Mvuke wa pasi ulipanda kati yao ukatanda dirishani. "Nitakuja," akasema mwishowe, na jioni ile hakuuliza habari za shule.

Siku ya mchujo Mlingoti alielea. Sina neno jingine. Vumbi la uwanja lilipanda likang'aa juani, kelele zikasogea mbali, mpira ukawa unamjia bila haraka, kana kwamba umemchagua. Aliupokea, akauinua, akaupiga. Mama yake alikuwa amesimama kando ya uzio, mikono nyuma, kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji.

Ndipo ulipokuja mpira uliopigwa vibaya, mrefu, wa kwenda nje waziwazi. Hata kuku angejua ni wa kwenda nje.

"Acha!" wenzake walipiga kelele. "Unatoka! Acha!"

Mlingoti alijirusha. Alitua kwa kifua, mkono umenyooka, mpira ukamgusa ngumi ukaruka hadi ukutani. Pointi ikaenda kwa wapinzani. Muda si muda ukaja mwingine kama ule, akajirusha tena, pointi ikaenda tena. Nahodha wa upande wake alishika kichwa kwa mikono miwili.

Mwalimu akapuliza filimbi. "Wewe mrefu! Ungeuacha ilikuwa pointi yetu. Kwa nini hukuuacha?"

"Ungeanguka chini, mwalimu."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Kando ya uzio, mama alijiziba mdomo kwa mtandio.

Mwalimu hakucheka. Aliyatazama magoti ya binti, yametapakaa vumbi na damu kidogo. "Mpira wa kuacha nitakufundisha," alisema. "Huo moyo wa kutoacha sijui ningeufundishaje. Umepita. Mkubwa wako yuko wapi?"

Mama akasogea. Kabla hajafungua mdomo, Mlingoti alimtangulia. "Mwalimu, labda nije siku mbili kwa wiki. Au niache tu. Nyumbani kuna mashuka ya kukunja, na mama hana mtu wa kumshikia."

"Mashuka gani?" mama akauliza.

"Ya vitanda vikubwa, mama. Nani atashika upande wa pili?"

Mama alimshika bega. "Mwanangu, kabla hujazaliwa nilikuwa nakunja peke yangu. Nabana kwa kidevu, nakunja. Tena haraka kuliko nikiwa na wewe."

Mlingoti alipigwa na butwaa. "Sasa kwa nini ukaniita kila siku?"

"Ungekuja kuongea na mimi bila kuitwa?"

Mwalimu ghafla alikumbuka kwamba wavu umelegea, akaenda kuukaza.

Mlingoti alitaka kusema ndiyo, ningekuja. Akaziwaza jioni zote zile, mama akiuliza, yeye akijibu nusunusu, masikio yake yako uani. Machozi yakamtoka mbele ya timu nzima wala hakujali.

"Usilie, mama," mama yake alimwambia taratibu, akimpangusa vumbi kidevuni. "Sijakulaumu. Ndivyo watoto wanavyokua." Kisha akapaza sauti upande wa wavuni. "Mwalimu! Nimekubali. Jioni zote ni zako." Akatazama huku na huku. "Hizo Jumamosi za mechi, watazamaji wanakaa wapi?"

Mwalimu akamwonyesha benchi la mbao chini ya ukuta. Mama akaenda kulikalia papo hapo, akasogea kulia, akasogea kushoto, akipima ni wapi mtu anauona uwanja wote.