Nywele za Namba Kumi na Nne

Raheli alikuwa akitwanga uwele uani kwao Mtumba, askari aliposimama langoni akamwambia anatakiwa bomani Dodoma. Achukue mafuta ya nyonyo, udongo mwekundu na kijiti chake cha kusukia. Kuna kichwa cha kusuka. Askari hakusema ni cha nani, na Raheli hakuuliza. Alikuwa mtu wa haya, hata maswali ya lazima aliyaacha yapite. Akaumimina uwele kwenye ungo, akamuaga mama yake, akamfuata.

Kichwa kilikuwa juu ya meza ya karani, ndani ya kasha la mbao. Kilikuwa fuvu tupu, taya limefungwa kwa kamba. Wajenzi wa reli walilichimbua bondeni Ihumwa pamoja na mifupa mingine walipokuwa wakipandisha tuta. Mifupa mingine ilichanganyika na kifusi, ikawa tuta. Fuvu lililetwa bomani, na siku ya pili likaanza kuota nywele, shibiri moja kwa siku. Sasa zilikuwa zikiingia kwenye wino.

Karani Zaidi, mtu wa Kondoa, alimweleza hayo kwa sauti ya uchovu. Bwana daktari alitaka fuvu liende pwani kwa gari la moshi la Ijumaa, na kutoka pwani liende Ulaya kwa wataalamu wa kupima vichwa, lakini kifuniko cha kasha kilikataa kufunga. Walijaribu kunyoa. Zikinyolewa asubuhi, adhuhuri zimerudi. Labda zikisukwa zitatulia.

"Mwenyewe tulimtafuta," karani alisema. "Bwana aliandika alama ya kumtambulisha: meno mawili ya mbele, ya chini, hayapo. Tukatangaza. Wakaja wanaume mia mbili, wote hawana meno hayo, wote wazima. Mmoja aliniomba barua ya kuthibitisha kwamba hajafa."

Baada ya hapo upelelezi ulifungwa.

Raheli naye alikuwa ameng'olewa meno hayo utotoni, kama kila mtu wa kwao. Alikaa kwenye mkeka, akalipakata fuvu, akaanza kuzigawa nywele.

Kusuka vijana ilikuwa kazi ya vijana wenyewe. Yeye aliijua kwa sababu kaka yake, Ndahani, hakupenda mtu mwingine amshike kichwa. Alimfundisha juu ya kichwa chake mwenyewe, akimkemea kila alipovuta. Miaka sita iliyopita Ndahani alikwenda kwa jumbe Chidawali kuuliza kwa nini fahali wao amelala katika zizi la jumbe. Hakurudi. Jumbe alisema alimwona akishika njia ya Kilimatinde na wapagazi. Tangu hapo mama yao hakuwa mama wa marehemu wala mama wa mtu aliye hai, na wenzake hawakujua wamsalimu vipi.

Vidole vya Raheli vilifika utosini. Nywele zilizunguka mara mbili, vizingo viwili vilivyopeana mgongo. Akavipitisha kidole tena, kama alivyofundishwa na kaka yake. Kisha akateremka nyuma ya sikio la kushoto, akakuta mfupa umebonyea, na pale palipobonyea hapakuota hata unywele mmoja. Palikuwa pa mviringo.

Jumbe Chidawali aliingia wakati huo na majina ya watu aliowakusanya kwa kazi ya reli. Alipomaliza na karani hakuondoka. Alivuta kiti, akalaza rungu lake mapajani, akaitazama mikono ya Raheli.

"Mbona unavuta taratibu hivyo, binti? Kichwa hicho hakiumi."

Kesho yake alikuja tena, akasogeza kiti karibu. Siku ya tatu, Alhamisi, ilibaki mistari minne tu.

"Umesuka wengi," jumbe alisema taratibu. "Huyu unamjua?"

Raheli aliwaza nyumba yao ya tembe, na mama yake aliye peke yake ndani. Jumbe ndiye aliyechagua nani aende reli na zizi la nani lifunguliwe. Akisema hapana, kesho kasha litaondoka, na Ndahani ataendelea kuwa mtoro aliyemtupa mama yake. Aligeuka, akamtazama karani.

"Ni Ndahani, mwana wa Masinjila," alisema. "Ni kaka yangu. Naomba nikamzike."

Kalamu ya karani ilisimama. Bwana daktari, aliyekuwa barazani, aliuliza kumesemwa nini, akatafsiriwa. Aliingia, akainama, akapima pale palipobonyea kwa chuma chake cha kupimia. Akatazama huku na huku, akaomba rungu la jumbe, akaingiza kichwa cha rungu kwenye kishimo hicho. Kilikaa kama yai ndani ya kiota.

Jumbe alitazama dirisha. Askari wa mlangoni alitazama buti zake.

Daktari alifurahi sana, akazungumza kwa kirefu. Karani alitafsiri akiwa ameinamisha macho: Bwana anasema vinalingana kabisa, na vitu vinavyolingana visitenganishwe. Anamwomba jumbe atoe rungu liende pamoja na fuvu. Jumbe alilitoa kwa mikono miwili, akapewa blanketi.

Kuhusu jina, daftari halikuwa na safu ya majina. Ndani yake iliandikwa: fuvu namba kumi na nne, Mgogo, mwanamume. Kuhusu kuzika, mali ya serikali haizikwi.

"Pole, dada," karani alisema kwa sauti ya chini.

Raheli aliisuka mistari minne iliyobaki, akaipaka mafuta na udongo. Kifuniko kilifunga.

Alipofika nyumbani alimweleza mama yake, na mama akanyoa nywele, akakaa matanga. Majirani walikuja kulia. Jumbe naye alikuja, akaleta mbuzi. Mbuzi akachinjwa, akaliwa.

Mwaka wa pili, reli ikiwa imeshapita kwenda Tabora, ilikuja barua kutoka Ulaya. Misuko ilidumu mwaka mmoja, halafu ikafumuka, na nywele zilikuwa zimefika kwenye ngazi. Waliomba kujua mafuta gani hutumika. Raheli aliitwa. Alisema ni ya nyonyo, yachanganywe na udongo mwekundu, na kabla ya kumgusa wamwite kwa jina lake, maana bila hivyo huwa hatulii. Karani aliandika mafuta na udongo. Akatazama mlangoni, kisha akaandika na jina, kwa herufi ndogo, chini kabisa.

Jibu lilichukua miezi mitano. Walishukuru kwa mafuta. Jina hawakuwa na mahali pa kuliweka. Wametoboa dari ili nywele zipate pa kupita.

Raheli aliuliza kama juu ya dari hiyo kuna ghorofa nyingine. Karani alisema hajui, ila nyumba za Ulaya kwa kawaida huwa nazo.

Raheli alishukuru, akainuka, akasimama kando ya mlango kumpisha jumbe, aliyekuwa akiingia na watu wapya wa reli.