Dakika Kumi na Mbili za Mama Redio

Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamempachika mkufunzi wao jina la Mama Redio, na wala hawakumwonea. Mama yule aliingia darasani saa mbili asubuhi akiwa tayari anaongea, akatoka saa sita akiwa bado anaongea, na mlango ukifungwa ungeisikia sauti yake ikishuka ngazi. Somo la kuchoma sindano kwake lilipitia kwanza harusi ya dada yake, ugomvi wake na daktari mmoja aliyekwisha kufa, na maumivu ya goti la kushoto, ndipo likafika kwenye sindano. Lakini lilifika. Kwa miaka ishirini na sita lilikuwa likifika.

Kisha chuo kikapata mtaalamu wa mbinu mpya za kufundishia. Alikuwa mtu msafi, mwenye viatu vyenye ncha, na hajawahi kumlaza mgonjwa hata mmoja kitandani.

"Mwalimu wa kisasa hafundishi," aliwaambia wakufunzi kikaoni. "Anawezesha."

"Anawezesha nini?" Mama Redio akauliza.

"Anamwezesha mwanafunzi kujifunza mwenyewe."

"Kuchoma watu sindano?"

Wenzake wakainamia madaftari yao wasicheke. Mtaalamu alifungua kiboksi akatoa vidude vyenye kamba, mfano wa vitambulisho, akamvika kila mkufunzi shingoni kama mtu anayegawa medali. Kidude kilisikiliza sauti ya mwenye nacho na kuhesabu. Katika kila saa moja ya kipindi, mwalimu aliruhusiwa kuzungumza dakika kumi na mbili. Taa ya kijani, ongea. Ya njano, jihadhari. Nyekundu, umemnyang'anya mwanafunzi elimu yake. Masomo yenyewe yangekuwa kwenye video, wanafunzi wayatazame kwenye simu zao nyumbani, wakija chuoni ni kufanya tu.

Mkataba wa Mama Redio ulikuwa unaisha muhula ule. Mkuu wa chuo alimwita pembeni akamweleza wazi: mtaalamu atamkagua siku moja wodini, taa ikiwaka nyekundu mkataba hauongezwi.

"Mimi ninakupenda, dada yangu," alisema mkuu. "Ila mdomo wako siwezi kuutetea kwenye ripoti."

Jioni ile alikivaa kidude hadi nyumbani ili afanye mazoezi. Mume wake, dereva wa lori mstaafu, alikula chakula chote bila kukatizwa, jambo ambalo halijamtokea tangu aoe.

"Mama watoto," akasema akifuta mikono, "hiki kitu kinauzwa wapi?"

"Cheka tu. Wakinifukuza, nitakuwa hapa na wewe kutwa nzima. Asubuhi mpaka usiku."

Mzee akaacha kucheka. Tangu siku hiyo alimsimamia mazoezi kwa saa ya mkononi, na asubuhi ya ukaguzi alimpigia pasi gauni jeupe kwa mikono yake mwenyewe.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinane. Wanafunzi sita walimfuata Mama Redio, nyuma yao mtaalamu na ubao wake wa kuandikia. Mama aliingia akiwa amejiandaa kunyamaza kama jiwe. Kosa lake likawa moja tu: aliwasalimia wagonjwa. Umeamkaje, homa imepungua, usingizi ulipatikana, na nyumbani wanaendeleaje, na yule mdogo ameanza shule? Hicho ni kitanda cha kwanza tu. Alipofika cha kumi na moja, taa ya njano ikawaka.

"Hata salamu inahesabiwa?" alimgeukia mtaalamu.

"Kifaa hakibagui," akajibu, akiandika.

Kwenye kitanda cha kumi na mbili alilala fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miraba minne aliyeharisha na kutapika siku tatu hadi akabaki macho tu. Dripu ilikuwa mkononi. Daktari alikuwa ameandika apewe potasiamu, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeipoteza. Zamu ikawa ya binti mmoja mwembamba waliyemwita Miwani, mwepesi wa kumaliza masomo kuliko wote darasani. Alikuwa mwepesi kwa sababu video zote alizitazama kwa kasi mara mbili huku anapika, na penye maelezo marefu aliruka.

Miwani akavaa glovu vizuri. Akasoma jina la mgonjwa vizuri. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akagonga mapovu yakatoka, safi kabisa. Kisha akaishika ile njia ya pembeni ya mpira wa dripu, iliyo karibu na mshipa.

Mama Redio aliona mkono unakokwenda. Dawa ile huchanganywa ndani ya chupa kubwa ya maji ya dripu, iingie polepole kwa saa kadhaa. Ukiisukuma moja kwa moja mshipani, moyo unasimama.

Alitazama kidude. Njano ilikuwa inapepesa. Akakohoa.

Miwani akamtazama, akaona mwalimu amemtolea macho, akadhani anamtia moyo. Akatabasamu.

Mama akatikisa kichwa. Akaonyesha chupa juu kwa kidole. Miwani naye akatazama juu, akaona chupa ipo, akaitikia kwa kichwa.

"Ishara za mwili, safi sana," mtaalamu akanong'ona, akiandika.

"Sista," fundi akasema kwa sauti ya kukauka, "mbona huyu mama leo kama amemeza ulimi? Kila siku ananipigia kelele ninywe maji."

Miwani akachomeka sindano kwenye njia. Kidole gumba kikapanda juu ya bomba.

"ACHA!"

Wodi nzima iliamka. Mama Redio alikuwa ameshaukamata mkono wa binti, sindano imetoka, hakuna hata tone lililoingia. Taa ikawaka nyekundu na kidude kikaanza kulia pii, pii, pii. Mama hakukisikia. Aliongea dakika kumi na moja bila kumeza mate. Alieleza potasiamu, akaeleza moyo, akaeleza aina za watu wanaojifunza kazi ya roho za watu huku wanakaanga vitunguu. Miwani alilia hadi miwani ikaingia ukungu. Fundi alipoelewa kilichotaka kumpata, alijaribu kushuka kitandani na dripu yake akatafute hospitali nyingine.

Walipotoka nje mtaalamu alikuwa amekunja uso.

"Umemnyima mwanafunzi nafasi ya kujifunza kutokana na kosa lake."

"Na yule fundi," Mama Redio akauliza, "yeye angejifunza nini?"

Ripoti ikaandikwa: amefeli. Siku ya pili yake muuguzi mkuu wa hospitali akapeleka barua yake: bila yule mama mwenye kelele, hakuna mwanafunzi atakayekanyaga wodini. Mkuu wa chuo alikaa na karatasi hizo mbili, moja kila mkono, jasho likimtoka, mpaka mtaalamu mwenyewe akamwokoa.

"Tumrekodi," alisema. "Akiongea darasani ni mwalimu anayezungumza. Akiongea kwenye runinga ni nyenzo. Nyenzo haina kikomo."

Basi mkataba ukasainiwa. Mama Redio alipakwa poda, akawekwa mbele ya pazia la bluu, akaongea siku mbili mpaka mpiga picha akaomba poo.

Jumatatu akakaa darasani kwenye kiti pembeni ya runinga, kidude shingoni, akimtazama Mama Redio mwingine akifundisha potasiamu. Ikapita dakika ya tano, ya kumi. Yule wa kwenye runinga alikuwa bado kwenye habari za shemeji yake aliyenunua friji mbovu. Wanafunzi wawili walikuwa wamelala. Miwani alikuwa ameifikia rimoti ya runinga, na ghafla mama wa kwenye kioo akaanza kuongea kwa kasi mara mbili, mdomo unapwitapwita, sauti kama kifaranga.

Mama Redio wa kwenye kiti alisikiliza kwa mdomo wazi.

"Kumbe mimi huwa naongea hivi?"

"Kila siku, mwalimu," Miwani akasema taratibu. "Ila si kwa kasi hiyo."

"Na hilo la kuchanganya dawa kwenye maji, nimelisema wapi hapo?"

"Bado. Tulitazama jana kwenye simu. Linakuja dakika ya arobaini na moja."

Mama akajikuna shingo palipokaa kamba. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alisimama, akamnyang'anya Miwani rimoti, akamzima yule mwenzake katikati ya friji.

"Njooni mezani wote. Leteni chupa ya maji na vichupa vya dawa. Waamsheni wale wawili. Nina dakika kumi na mbili, na leo sisalimii mtu."

Potasiamu ilimchukua dakika saba, kila mmoja akachanganya kwa mkono wake, Miwani mara tatu. Zilizobaki tano akawasimulia kisa cha friji kilivyoisha.