Triko Zilizochemshwa Kasulo

Mlangoni mwa duka la Simone, pale mtaani Manika ambapo wageni wa migodi hununua zawadi za kupeleka kwao, kabati moja la kioo lilikuwa tupu. Mama Laurentine, fundi wa kufuma kofia, alilitaka hadi akaliota.

"Kofia nitakubali," Simone alimwambia. "Lakini sufu ya kweli, nailoni sitaki. Itoke hapa hapa na ifumwe hapa hapa, wateja wangu wanauliza kila kitu. Jumamosi nione. Ukikosa, kabati ni la tata Ntambwe."

Tata Ntambwe, mzee mchongaji wa tembo wa malakiti, lile jiwe la kijani, alikuwa amekaa pale pale akicheka.

"Mama Laurentine, bakondoo ba huku beko na nywele ya mbuzi. Utabanyoa nini, mukia?"

"Kaa na mawe yako, tata."

Hata hivyo alipanda taxi-moto hadi Mutoshi kwenda kuwaona kondoo hao. Mzee alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Basi akageukia soko la Manika, kwenye marundo ya tombola, zile nguo kuukuu zinazoletwa kwa marobota. Triko, yaani sweta za nchi za baridi, zimejaa pale, na zisizouzwa huishia jalalani. Kwa nini asizifumue, akafuma upya? Sufu ya jalala la hapa ni ya hapa. Kila aliyoishika alichomoa uzi kidogo na kuuwashia kiberiti. Nailoni iliyeyuka. Sufu ilinuka nywele zilizoungua.

"Mama, unanunua ao unapika?" muuzaji akalalamika.

"Ninanusa. We uza tu."

Mfuko ulipojaa akaupeleka mtaa wa Kasulo kwa mdogo wake Ndaya, amfulie, na yeye mwenyewe akawahi mazoezi ya kwaya.

Sasa, mume wa Ndaya ni mchimbaji. Katika nyumba ile nguo hazifuliwi tu. Nguo za shimo huchemshwa ndani ya pipa pamoja na sabuni, zikakorogwa kwa mti mpaka udongo mwekundu ukubali kutoka. Ndaya, kwa kumpenda dada yake, hakumpunguzia hata kidogo.

Kesho yake Laurentine alikuta kambani triko za kuvalishwa wanasesere.

"Ndaya, hizi ni za nani?"

"Njo zako, yaya," Ndaya akamjibu dada yake mkubwa. "Angalia vile ziko safi!"

"Zangu zilikuwa za bantu bakubwa!"

Alitafuta ncha ya uzi wa kuanzia kufumua. Hakuna. Nyuzi zilikuwa zimeshikana, zikawa kitambaa kizito kama blanketi. Akaketi juu ya ndoo.

"Tununue nailoni ku soko," Ndaya akanong'ona. "Simone atajulia wapi?"

"Mi nitajua."

Kwa hasira akachukua mkasi, akakata mkono wa triko moja. Akangoja ukingo ufumuke. Haukufumuka. Akauvuta, ukakaa vile vile. Hasira ikaanza kupoa. Akakata duara, akakata la pili lenye tundu katikati, akayashona pamoja, akageuza. Ilikuwa bere, kofia bapa ya duara, nene na laini, kama zile ambazo wazee wa parokia huvaa kwenda misa.

"Yaya," Ndaya akasema, "ile ya kijani pia kata."

Jumamosi walikwenda wote wawili. Simone aliigeuza bere moja, akaivuta, akaikunja.

"Hii si ya kufumwa."

"Ilikuwa triko ya tombola ya soko letu. Ilifumwa, kisha ikachemshwa."

"Ndivyo mlivyopanga?"

Laurentine angeweza kuitikia tu. Akamtazama Ndaya, akamtazama tata Ntambwe aliyekuwa ameshafika na tembo wake.

"Hapana. Ni makosa. Huyu alizichemsha kama nguo za shimo."

Simone alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaivaa bere, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaonyesha kwa kidole. "Sufu ni ya kweli, na kisa ni cha hapa hapa. Rafu ya juu ni yenu. Mbili za chini ni za tata."

"Ya juu!" Ntambwe akanung'unika. "Tembo wangu wakae chini ya kofia?"

"Watapata kivuli," Ndaya akamjibu.

Njiani Laurentine akaanza kupanga: sasa atafumua triko kabla hazijafika majini, afume kofia kubwa kubwa, kisha zichemshwe zipungue.

"Bien," Ndaya akamkatiza. "We utafuma. Lakini saa ya kutoka mu pipa, mi njo nitasema. Na usiguse muti yangu ya kukoroga."

Maisha yake yote Laurentine hakuwa amepokea amri ya mdogo wake.

"Sawa, mama mukubwa," akasema.