Mkono wa Stephano

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Jumatatu mchana, ikalowesha shamba lote la Bernadeta, na bado hakuna aliyegusa jembe. Hapo ndipo alipoanza kuongea peke yake.

Angeachaje? Matuta yalikuwa tayari mpaka ukingoni mwa korongo. Pingili za mihogo alizilaza chini ya migomba, akazifunika majani mabichi, akawa anazinyunyizia maji kila asubuhi kama anaogesha mtoto. Hakuwa na nyingine. Mwaka jana mihogo yake yote ilioza ardhini. Ukiimenya unakuta madoa ya kahawia, hata mbuzi haitaki. Pingili hizi zisizo na ugonjwa alizihangaikia mpaka akazipata, na sasa zilianza kukauka ncha. Zikifa, ni mwaka mwingine wa kununua unga.

Aliyemkwamisha ni mdogo wake, Stephano. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama yao, na tangu mjomba wao afariki, Stephano ndiye aliyeshika nafasi yake. Pale kwao msimu hauanzi mpaka mjomba wa ukoo achomeke pingili ya kwanza kwa mkono wake. Ndivyo walivyokuta, ndivyo wanavyofanya. Ila mjomba huyu mpya anafanya kazi Morogoro mjini, na kila akipigiwa simu yuko njiani.

"Niko stendi ya Msamvu, dada, gari linajaa," alisema wiki iliyopita.

Gari gani hilo lisilojaa wiki nzima? Bernadeta alitamani alione kwa macho yake.

Na aliyemmaliza kabisa ni mumewe, Deogratias. Alikaa barazani akichonga mpini mpya wa jembe ambalo mpini wake haukuwa na ubaya wowote.

"Baba Mercy, tupande," alimwambia.

"Mimi? Hapa ni kwenu. Mwaka ule nilitangulia na maharage kidogo tu, nikaitwa kikaoni nikaulizwa nimekuja kuoa au kurithi. Sigusi."

"Basi napanda mwenyewe."

"Panda, mama. Mimi sijakukataza."

Bernadeta akarudi chini ya migomba kufunika pingili zake. Ubavu huo hakuwa nao, na kujua kwamba hana ndiko kulikomchoma zaidi.

Jioni hiyo jirani yao Mwanaasha alipita akirudi kuuza ndizi Mkuyuni, tenga tupu kichwani.

"Mdogo wako hajambo kumbe," alisema.

"Umemwona wapi?"

"Si yuko Mkuyuni? Namwona kwa mama ntilie pale sokoni tangu juzi, anakunywa chai tu. Nikadhani mmemtuma kitu."

Asubuhi Bernadeta alifunga kanga nyingine kiunoni, akaita bodaboda. Njia nzima aliyapanga maneno, na yalikuwa maneno ya kumtosha mtu. Alimkuta Stephano kwenye benchi, begi miguuni, kikombe mkononi. Alipomwona dada yake alisimama haraka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hapa ndipo Msamvu?"

Stephano alikaa tena. Alitazama ndani ya kikombe.

"Nilidhani mvua ikinyesha mtachoka kunisubiri, mtapanda."

"Tupande vipi na mjomba ni wewe? Unajua pingili zinakauka? Unajua shemeji yako amekaa barazani kama bwana harusi?"

"Mwaka jana nani alipanda ya kwanza?"

"Wewe."

"Ikaoza."

"Ulikuwa ugonjwa, Stephano. Ilioza ya bonde zima."

"Ya wenzetu wakasema ugonjwa. Ya kwetu wakasema mkono wa Stephano. Kwenye mashine ya kusaga, misibani, mpaka nje ya kanisa. Nikajua ni majirani tu, midomo yao. Halafu nikaambiwa neno lilianzia kwako."

Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka Bernadeta. Ni kweli alisema. Alisema mashineni, siku aliyokwenda kusaga mahindi ya kununua, kwa hasira tu, kwamba mdogo wake ana mkono mbaya. Wenzake walicheka naye akacheka. Aliona aibu, na kwa kuwa aibu hakuizoea, akakasirika upya.

"Nilisema," alijibu. "Nilikosea. Sasa inuka tuondoke."

"Nikipanda zikaoza tena?"

Bernadeta alibeba begi la mdogo wake akatangulia nalo kwenye bodaboda.

Walipofika, Deogratias alimsalimia shemeji yake kwa adabu zote, kisha akasimama na jembe pembeni, akingoja. Stephano alichuchumaa kwenye tuta la kwanza na viatu vyake vya ofisini, akaichukua pingili, akailaza mshazari, macho ya pingili yakitazama juu. Ikagusa udongo. Hapo akaganda. Hakuisukuma ndani.

Bernadeta alipiga magoti kwenye tope, akaufumbata mkono wa mdogo wake pamoja na pingili.

"Hairuhusiwi, dada. Unatakiwa mkono mmoja."

"Nani alisema?"

"Mjomba."

"Mjomba alishazikwa. Wa sasa ni nani?"

Stephano alimtazama dada yake, kisha akamtazama Deogratias, ambaye kwa mara ya kwanza tangu aoe pale hakuwa na la kusema kuhusu kikao.

"Naruhusu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi sukuma. Na zikioza, wataje mikono yote miwili."

Wakasukuma pamoja.