Majani ya Mama Mkwe

Kikundi chetu cha kina mama kilipewa na wafadhili mbuzi wa maziwa, kura ikaniangukia mimi. Sharti lilikuwa moja: jike wa kwanza atakayezaliwa anakwenda kwa familia inayofuata. Iliyofuata ni ya jirani yangu, Mama Pacha, mjane asiye na hata kuku.

Basi kila asubuhi alileta mzigo wa majani mabichi. "Nimemletea mama mkwe chakula," alitania, akimpapasa mbuzi tumbo.

Uzao wa kwanza, dume. Wa pili, dume tena. Nikamwambia mwenyekiti wetu, "Mpeni basi Mama Pacha huyo dume auze!" Akanijibu kwamba wafadhili wanataka watoto wanywe maziwa. Nilitamani kumzaba kibao.

Leo mbuzi amezaa kwa shida. Alitoka dume, kisha jike, amelegea kama kitambaa. Mama Pacha akampangusa pua kwa khanga yake, akampuliza mdomoni, akamsugua mbavu.

"Basi, dada," nikamwambia. "Mwache."

"Bado ana joto."

Aliendelea kusugua mpaka joto lenyewe likaisha. Bwana mifugo tuliyemwita alinivuta pembeni, akaninong'oneza kuwa kizazi kimeharibika. Mbuzi huyu hatabeba mimba tena.

Nilipogeuka, Mama Pacha alikuwa amepiga magoti mbele ya mbuzi, akimchagulia majani laini.

"Kula, mama mkwe," alikuwa akimbembeleza. "Kula upate nguvu. Safari ijayo utanipa."

Nikapiga magoti kando yake, nikamsaidia kuchagua.